Makumbusho na Urithi wa Garissa na Wajir: Mwongozo wa Msafiri

Makumbusho ya umma katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni machache, na yanayostahili kutajwa kwanza ni ya Wajir, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini anayesafiri kwa ajili ya makumbusho pekee atapita mambo mengi bila kuyaona. Sehemu kubwa ya urithi wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ingali kazini: visima vinatekwa maji, herio, nyumba za kuhamishika za wafugaji, zinafumwa na kupakiwa ngamiani, vyombo vya maziwa vinafukizwa moshi. Ziara nzuri huanzia ndani ya jengo na kumalizikia nje.

Garissa ndiyo lango. Kutoka Nairobi ni kilomita 370 hivi za lami kupitia Thika na Mwingi, na mabasi mengi huanzia Eastleigh. Kabla ya kuingia mjini barabara huvuka Mto Tana, na njiani kuna vizuizi vya ukaguzi ambapo kila abiria hudaiwa kitambulisho, au pasipoti kwa mgeni wa nje. Daraja, askari na kambi zao havipigwi picha.

Historia inayoonekana kwa urahisi zaidi Garissa ni ile ya mifugo. Soko la mifugo, ambalo siku yake kubwa ni Jumatano, ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki. Wafugaji huleta ng'ombe, mbuzi na ngamia kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Ni vyema kufika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Soko Mugdi, katikati ya mji, hufaa kwa nguo na chakula, na hapo msafiri huweza kuonja nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ili ikae muda mrefu bila kuoza, pamoja na chai ya maziwa. Kando ya mto wanaishi Wamunyoyaya na Wamalakote, wakulima na wavuvi wa Tana, ambao wageni wengi huwasahau kwa kudhani kwamba kaunti nzima ni ya wafugaji. Nje kidogo ya mji kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi. Kusini zaidi, Ijara, jamii yenyewe inaendesha hifadhi ya Ishakbini ili kumwokoa hirola, swala asiyepatikana kiasili popote isipokuwa eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia.

Wajir iko zaidi ya kilomita 300 kaskazini, kwa njia ya Modogashe. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hukata baadhi ya njia, kwa hiyo Juni hadi Septemba ndio wakati mwafaka. Wasiotaka safari ya gari huweza kwenda kwa ndege kutoka Nairobi.

Mji huu uliota juu ya maji. Chini ya ardhi yake ya mawe ya chokaa maji yako karibu, na visima vyake, vya Orahey vikiwa maarufu kuliko vyote, viliwavuta wafugaji karne nyingi kabla Waingereza hawajaweka kituo chao mwaka 1912. Masimulizi ya wenyeji husema vilichimbwa na Madanle, watu wa kale warefu ajabu. Kisima kina wenyewe, na zamu ya kunywesha ina utaratibu wake, hivyo mgeni husalimu na kuomba ruhusa kabla ya kusogea na kamera. Maji yenyewe yana chumvi. Ya kunywa afadhali yanunuliwe dukani.

Juni 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Italia ziliushambulia mji huu kwa mabomu. Maofisa wa kikoloni waliacha pia kumbukumbu ya klabu yao waliyoiita Royal Wajir Yacht Club, mamia ya kilomita kutoka bahari iliyo karibu zaidi.

Kuuelewa ufundi wa wafugaji kunahitaji utulivu zaidi kuliko kusimulia vita vya wageni. Herio, ambayo pia huitwa aqal, hujengwa na wanawake na huwa mali yao: matao ya matawi yaliyopindwa hufunikwa mikeka, na kaya ikihama yote hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi husafishwa kwa moshi wa miti maalumu, na moshi huo ndio huyapa maziwa ya ngamia ladha yake. Kengele za ngamia huchongwa kwa mti. Aliyevitazama vitu hivi kwa makini kwenye makumbusho hutambua kazi ya kila kimoja akivikuta nyumbani kwa mtu.

Kuna historia nzito pia, na mwongozo unaoiruka haumsaidii msafiri. Baada ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, uasi wa waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, eneo hili lilikaa chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Novemba 1980, mtaa wa Bula Kartasi mjini Garissa ulichomwa na vikosi vya usalama. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja 57, lakini Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona waliokufa walikuwa wengi zaidi sana. Manusura na wajane wangali hai. Wagalla hakuendwi kwa matembezi: mgeni huongozana na mwenyeji, husikiliza bila kuhoji, wala harekodi sauti ya mtu kabla ya kupata idhini yake.

Mavazi ya heshima yanatakiwa kila mahali; wanawake hujifunika kichwa. Saa za swala, hasa Ijumaa mchana, shughuli husimama, na mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana. Viingilio vya makumbusho ya taifa hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa nje.

Usalama hubadilika. Maeneo ya karibu na mpaka wa Somalia, Mandera ikiwemo, yamekumbwa na mashambulizi, na msafiri hupaswa kuuliza polisi na chifu kabla ya kuondoka mjini. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza 1991, haziingiwi bila kibali cha serikali.

Asiyeweza kufika kaskazini anaweza kuanzia Nairobi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye Barabara ya Moi, inatunza ripoti za wakuu wa wilaya wa eneo lililoitwa zamani Northern Frontier District. Ni maandishi ya watawala, na yanafaa kusomwa sambamba na masimulizi ya wazee wa Garissa na Wajir.