Usipige Puti Juu ya Kutu

Wanachuo wenzangu, makala hii inahusu bati la kabini ya pikapu kuukuu. Najua wengi wetu hatuna hata baiskeli, na bumu likiingia halifiki wiki tatu. Lakini naomba mnisome mpaka mwisho. Nilichojifunza gereji likizo iliyopita sijakipata kwenye kozi yoyote ya ualimu, na nimejifunza baada ya kumuumiza mdogo wangu.

Kwetu ni Muheza, mkoani Tanga. Marehemu babu alituachia pikapu ya Peugeot 404, ambayo mtaani inaitwa Pijo tu. Kwenye kadi imeandikwa mwaka 1974. Vijana wanaicheka, ila wazee wanaiheshimu: 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Kwetu sisi sifa hizo ni za pembeni. Mama anaitumia kubeba machungwa kutoka shambani hadi sokoni Tanga mjini. Ada, chakula, daftari za mdogo wangu, vyote vinapita kwenye hiyo pikapu.

Gari linaloshinda karibu na bahari lina adui mmoja asiyelala, nayo ni kutu. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni, kinaliwa. Chumvi ikiongezeka, kazi inakwenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya kikemia inayotegemea umeme mdogo mdogo kupita kwenye chuma. Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi inainuka na kufanya malengelenge. Ukiona lengelenge dogo kwa nje, jua kwa ndani shughuli ilishaanza siku nyingi.

Kosa langu

Mwaka wa kwanza nilirudi likizo nikakuta kona za kabini zimetoboka, na sakafu upande wa abiria ina tundu la kupitisha ngumi. Mama akaniambia, "Mwanangu, si unasoma? Hebu itazame." Nikajiona fundi. Nilisugua kutu kwa msasa, nikasokomeza magazeti kwenye matundu ya kona, nikapiga puti, nikalainisha na kupuliza rangi. Sakafuni nilibandika kipande cha bati la paa kwa silikoni, nikatandika mkeka wa mpira juu yake. Pikapu iling'aa. Mama alifurahi, majirani wakanisifu, na mimi nikazipokea sifa bila aibu.

Mvua za masika zilizofuata, mdogo wangu alipanda kabini, akaweka mguu juu ya mkeka, mguu ukapita moja kwa moja. Bati lilimchana juu ya kifundo. Alishonwa nyuzi nne. Bahati nzuri gari lilikuwa limesimama. Nilipopigiwa simu nilikuwa hapa chuoni. Mama hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kugonga kwanza

Likizo iliyofuata niliipeleka pikapu kwa mzee mmoja fundi bodi, mjini Tanga. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." "Marahaba, mwalimu. Nani kaipaka poda hii?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akasema nitalipa nusu bei, nusu nyingine nitailipa kwa kufanya kazi mwenyewe. Haya ndiyo aliyonifundisha. Nayaandika kwa mpangilio ili mwenye gari la aina hii nyumbani ajue cha kumdai fundi wake.

Kwanza, chomoa betri, toa kiti, mikeka na kila kinachoweza kushika moto. Angalia tenki na mpira wa mafuta vilipo. Weka ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu.

Pili, gonga. Alinipa nyundo ndogo na bisibisi. Bati zima linalia kwa sauti kali, bati lililoliwa linajibu kwa sauti butu. Panapolia butu, sukuma bisibisi. Ikipenya, hapo hakuna chuma, kuna rangi tu. Tulizungushia chaki kila sehemu mbovu, kisha akaniambia nisogeze mstari sentimita 2 au 3 zaidi, mpaka kwenye chuma kizima. Tundu langu la ngumi likawa na ukubwa wa sinia. Nilishtuka. Akasema, "Ukubwa wa ugonjwa hausemwi na kidonda."

Tatu, kabla ya kukata kizingiti, yaani ule upande wa chini ya mlango, funga mlango uone nafasi zake zimekaaje, kisha chomelea nondo ya muda kwenye uwazi wa mlango ili kabini isijikunje. Kizingiti kinabeba uzito. Ukikikata bila kukishikilia, siku ya mwisho mlango haufungi.

Nne, kata kipande cha boksi kiwe kielelezo. Boksi likikaa sawasawa, lichore juu ya bati jipya. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali hukusanya joto na mara nyingi ufa huanzia hapo. Bati la bodi liwe la unene wa karibu milimita 0.9, ambalo madukani ni geji 20. Sakafuni tuliweka la milimita 1.2, geji 18. Nilikuwa nimekuja na mabaki ya bati la paa, akayatupa pembeni. Ni jembamba mno, halafu limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta wakati wa kuchomelea unaleta homa.

Tano, kuchomelea. Bati jembamba halitaki papara. Mashine ya vijiti ya kuchomelea mageti inalitoboa kirahisi, kwa hiyo tulitumia mashine ya gesi ya CO2, ile ambayo waya unajitoa wenyewe. Unaweka nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, unasubiri ipoe, unarudi katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu, joto linalivimbisha bati na linabaki na mawimbi. Siku ya kwanza niliharakisha, nikaharibu kiraka cha kona. Akakikata chote bila kusema neno, akanipa bati jingine na boksi lile lile. Siku nzima ilipotea. Na tafadhali, vaa kofia ya kuchomelea na glovu. Miwani ya jua haisaidii kitu.

Sita, saga maungio kwa grenda, ile mashine ya mkononi yenye kisahani, lakini usiyasage mpaka yawe membamba. Paka praima ya kuzuia kutu pande zote mbili, ziba maungio kwa gundi ya bodi, halafu ndiyo ije puti. Ndiyo, puti ina kazi yake. Inapakwa nyembamba, isizidi milimita 2 au 3, juu ya chuma kizima, kusawazisha tu. Puti hunyonya unyevu. Ukiipaka juu ya kutu unaifungia kutu maji ndani. Magazeti yangu tuliyatoa kwenye kona yakiwa yamelowa kama jana yake tu.

Mwisho, zibua matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti. Mengi ya mabovu yetu yalianzia hapo: matope yaliziba matundu, maji yakakaa, chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje.

Darasani nako

Kazi ilichukua siku 11. Siku moja tukinywa chai, mzee akaniuliza, "Huko shuleni ukikuta mwanafunzi hajui, unafanyaje?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabuni. Akatikisa kichwa, akaenda zake kusaga. Mimi nikabaki nakumbuka mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa kwanza, Kidato cha Pili, somo la hisabati.

Kulikuwa na kijana aliyeandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikaweka alama ya kosa, nikaandika hatua ubaoni: tafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 6, jibu ni 5/6. Akanakili. Jaribio la wiki ile likaja na maswali yanayofanana, akapata. Msimamizi wangu akaona alama nzuri na mimi nikafurahi. Wiki mbili baadaye tukafika aljebra, na kijana yule yule akaandika x/2 + x/3 = 2x/5.

Sikuwahi kumgonga. Sikuwahi kumuuliza, "Hebu nieleze umefikaje hapa." Ningemuuliza, huenda angesema jambo la maana. Maana fikiria: ukipata alama 1 kati ya 2 kwenye jaribio moja, na 1 kati ya 3 kwenye lingine, jumla yako ni 2 kati ya 5. Kwa alama za majaribio hesabu hiyo ni sahihi kabisa! Pengine kijana hakuwa mzembe, alikuwa anatumia kanuni halali mahali pasipo pake. Hapo ndipo palipotakiwa kukatwa mpaka kwenye chuma kizima: sehemu ni kiasi gani cha kitu kimoja, chungwa lile lile likigawanywa mara mbili na mara tatu. Mimi nilipiga puti, na jaribio likang'aa.

Sijui yule kijana yuko wapi kwenye hisabati leo. Mguu wa mdogo wangu umebaki na kovu, ila umepona.

Wenzangu wa elimu, muhula ujao tunarudi mashuleni. Muda ni mfupi, silabasi ni ndefu, na msimamizi anataka kuona somo limekamilika. Puti itatuvutia sana. Mimi nimeamua jambo moja dogo: kila kipindi, kosa moja nitaliulizia kabla ya kulisahihisha. Inachukua dakika tatu hivi. Kama nitachelewa kumaliza mada, nitaandika hivyo kwenye shajara ya somo bila kuficha.

Na wewe ambaye kwenu kuna gari kuukuu, likizo hii funua mkeka wa kabini, chukua bisibisi, gonga. Mdogo wangu naye amejifunza. Siku tuliyoirudisha pikapu Muheza hakupanda moja kwa moja. Alifungua mlango, akapiga sakafu kwa kisigino mara tatu, akasikiliza, ndipo akaniambia, "Haya, twende."