Viungo vya Unga na Sufuria ya Pilau

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga, na penye mchele pilau haikosekani siku ya arusi wala ya Idi. Viungo vyake hununuliwa sokoni, aghalabu vikiwa vimekwisha kusagwa. Unga huo ni mkavu, nao hunukia vizuri. Hata hivyo gramu moja tu yaweza kubeba maelfu ya vijidudu.

Vingi vyatoka udongoni. Pilipili manga au bizari ikianikwa chini hupata vumbi na kinyesi cha ndege na panya. Mvua ya masika ikiikuta haijakauka, huota ukungu. Anunuaye pilipili nzima aweza kuichambua akatupa iliyooza. Ikisagwa, punje mbovu huenea katika unga wote, wala jicho haliwezi kuitenga.

Wapishi wengi huamini kwamba moto humaliza yote. Kwa Salmonella, kijidudu kiletacho homa na kuhara, ni kweli, endapo chakula kimepikwa sawasawa. Walakini pilipili ya unga inyunyizwayo juu ya embe bichi haikuonja moto baada ya kusagwa. Bacillus cereus ni habari nyingine. Penye ukavu kijidudu hiki hujifunga katika ganda gumu, kikawa spora, na spora huweza kustahimili maji yachemkayo. Mchele nao huwa nazo tangu shambani. Pilau ikiachwa usiku kucha katika sufuria kubwa, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Spora huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu.

Jambo hili lilitambuliwa Uingereza mwaka 1971, watu walipotapika baada ya kula wali wa kukaanga mikahawani. Mlaji hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Kwa kawaida ugonjwa hupita katika siku moja, ingawa vifo vimepata kutokea, sumu iliposhambulia ini. Katika maabara sumu hiyo ilistahimili nyuzi 121 za Sentigredi kwa dakika 90. Basi kiporo kilichopashwa moto asubuhi huwa cha moto tu, si salama.

Yafaa viungo vianikwe juu ya chanja, vinunuliwe vizima, na kusagwa kidogo kidogo. Pilau iliyobaki itandazwe katika sinia pana ipoe upesi, kisha iwekwe katika jokofu. Pasipo jokofu, ipikwe ya kutosha mlo mmoja.