Mteja Mwenye Ulemavu Usioonekana

Tuchukue mfano wa mama aliye kwenye foleni ya benki. Mwanawe wa miaka saba ameketi sakafuni, ameziba masikio na anapiga kelele. Mama anaomba asaidiwe. Mhudumu hamwoni mtoto na kiti mwendo wala fimbo nyeupe, hivyo anajibu kwamba mtoto ni mzima, amekosa adabu tu.

Mtoto huyo ana usonji. Hii ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Haitokani na malezi mabaya wala kurogwa. Hugusa mawasiliano, mahusiano, na mara nyingi namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Kengele ya kuita namba, ambayo wengine hawaisikii tena, kwake yaweza kuwa maumivu. Wapo pia watu wazima wenye usonji, nao hupanga foleni kama sisi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 haikuweka jicho la mhudumu kuwa kipimo. Inatambua upungufu wa mwili, wa akili na wa hisi, na kuvitaja vikwazo vya mitazamo, mazingira na taasisi. Jibu la yule mhudumu ni kikwazo cha mtazamo.

Uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza mwaka 2016 kutoa kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti. Kamba hiyo si cheti, wala haimpi mvaaji haki ya kuruka foleni. Humkumbusha mhudumu kuuliza: "Nikusaidieje?"

Pasipo kamba, taja hitaji lako waziwazi. "Mwanangu ana usonji, kelele zinamwumiza. Naomba tusubiri nje, mtuite zamu yetu ikifika." Ombi la namna hii ni jepesi kukubaliwa kuliko la kupitishwa mbele, na hulazimiki kueleza historia yote ya matibabu mbele ya umati.

Ukikataliwa, omba kumwona msimamizi. Tunza karatasi ya namba, andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa, kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma mwenyewe. Asipokuridhisha, nenda kwa msimamizi wa sekta: Benki Kuu kwa mabenki, LATRA kwa mabasi.