Neno "Uzee Tu" na Madhara Yake

Mzee aanzapo kuuliza jambo moja mara tano katika saa moja, au kupotea katika vichochoro alimokulia, twasema: "Uzee tu." Neno ni jepesi, lakini madhara yake ni makubwa, kwani maradhi yakiisha kuitwa uzee, hapana amtafutaye tabibu, wala serikali itoayo fedha sababu yake ichunguzwe.

Hata mabingwa wa Ulaya na Marekani walikaa na kosa hili muda mrefu. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki Frankfurt, akaona takataka zilizogandamana na nyuzi zilizosokotana. Marehemu alikuwa na miaka 55 tu. Basi maradhi yale yakahesabiwa kuwa ni adimu, ya watu wasiozeeka bado, na wazee wakaachiwa uzee wao. Ikapita miaka 70. Mwaka 1976 Mmarekani Robert Katzman akaandika kwamba ya huyu na ya mzee ni maradhi mamoja, nayo yaua wengi. Mwaka 1980 jamaa za wagonjwa wakaunda chama. Mwaka 1994 Ronald Reagan, aliyekuwa rais, akawatangazia watu wake kwa barua kwamba naye yamemshika. Fedha zilifuata sauti, hazikuitangulia: mwaka 2011 serikali yao ilitoa chini ya dola milioni 500 kwa utafiti huu, mwaka 2023 zilipita bilioni 3.

Ama sisi, Shirika la Afya Duniani lasema wenye dimensia, ambayo Alzheimer ndiyo sababu yake kubwa, wapita milioni 55, na zaidi ya sita katika kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Na mtu azungukaye usiku akisema peke yake ni mwepesi wa kutuhumiwa. Wawakilishi wetu wa kaunti huulizwa maji na barabara. Juu ya hili, nani amewauliza?

Tena si kila usahaulifu ni maradhi haya. Upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, hata dawa za usingizi, huchafua fahamu, na hayo yatibika. Mwenye kumpeleka mzee hospitali na aandike kwanza: alianza kusahau lini, amepotea mara ngapi, na dawa gani anazozitumia.