Jua Haki Zako: Kifurushi Chako Kikichelewa, "Ni Msimu" Si Jibu

Maisha ya Njoro, Kaunti ya Nakuru, huenda na kalenda ya Chuo Kikuu cha Egerton. Wanafunzi wanaporipoti, ofisi za kupokea mizigo hufurika magodoro, masanduku na vipakatalishi vilivyotumwa na wazazi kutoka Mombasa, Kisii au Garissa. Desemba ikikaribia, msongamano hurudi kwa sababu nyingine. Watu wananunua vitu mitandaoni kwa bei ya punguzo, na mabasi yanayobeba vifurushi yanajaa abiria wa Krismasi na mizigo yao. Kifurushi kilichoahidiwa kufika kesho yake kinalala Nairobi au Nakuru mjini wiki nzima. Mwanafunzi akiuliza, anaambiwa: "Ni msimu, vumilia."

Usikubali jibu hilo liwe la mwisho. Ukishalipa ada na kupewa risiti, umefanya mkataba, na sheria za Kenya zinakulinda hata katika msimu wa sikukuu.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hizo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Kifungu hicho kinazihusu kampuni za kibinafsi na mashirika ya umma vilevile.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaenda mbali zaidi. Inakataza mfanyabiashara kuahidi kwamba huduma itatolewa wakati anajua, au anapaswa kujua, kwamba haiwezekani. Krismasi huja tarehe 25 Desemba kila mwaka, na tarehe za vyuo kufunguliwa hutangazwa mapema. Kampuni inayoendelea kuahidi "kesho asubuhi" ilhali mizigo ya wiki iliyopita bado imerundikana ghalani ina swali la kujibu.

Si kila kuchelewa ni kosa, hata hivyo. Barabara ikikatwa na mafuriko, kampuni inaweza kujitetea kwamba jambo hilo lilikuwa nje ya uwezo wake. Lakini wingi wa wateja unaojulikana kila mwaka ni jambo la kupangiwa.

Umdai nani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Ikiwa mzazi ndiye aliyelipa ada ya kusafirisha mzigo, mkataba ni wake na kampuni. Mwanafunzi anaweza kufuatilia, lakini madai yapelekwe kwa jina la mzazi, naye amtumie mtoto picha ya risiti siku ileile.

Ikiwa umenunua bidhaa mtandaoni, anza na muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka atume bidhaa katika muda unaofaa iwapo hamkukubaliana tarehe. Kwa kawaida, muuzaji akishakabidhi bidhaa kwa msafirishaji huhesabiwa kuwa amemfikishia mnunuzi. Lakini akikuahidi kuileta hadi mlangoni pako, mshikilie kwa ahadi hiyo. Na ukiagiza kitu cha kuletwa baadaye, tarehe iliyo kwenye mkataba ikapita kwa siku 30 bila kuletewa, Sheria ya 2012 inakuruhusu kufuta mkataba na kudai pesa zako.

Haki inaanzia dirishani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mambo ya vifurushi, daftari lako ni risiti, na jambo muhimu zaidi ni kile kilichoandikwa humo kabla gari halijaondoka.

Mwaka 1854, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale, ambayo kanuni yake inafuatwa hadi leo katika mahakama za Kenya. Wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa na mtaimbo wa mashine, wakaukabidhi kwa wasafirishaji uende Greenwich kuwa kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wasafirishaji wakachelewa, na kinu kikakaa bure kwa siku kadhaa. Wenye kinu hawakufidiwa faida waliyoikosa, kwa kuwa msafirishaji hakuwa na namna ya kujua kwamba kinu kizima kilikuwa kikiusubiri mzigo huo.

Funzo lake kwa mzazi na mwanafunzi ni hili: unayemkabidhi mzigo mwambie ni nini, una thamani gani, na unahitajika lini na kwa nini. Hakikisha yameandikwa. "Kipakatalishi, Sh45,000, kifike kabla ya Jumatatu kwa ajili ya mtihani." Maneno hayo machache yanaweza kuamua iwapo utarudishiwa ada ya usafiri tu, au utafidiwa pia gharama ya kukodi kompyuta nyingine.

Soma pia maandishi madogo nyuma ya risiti. Mara nyingi huandikwa kwamba kampuni haitawajibika kwa lolote. Maneno hayo hayafuti haki ulizopewa na Sheria ya 2012, hata kama umetia sahihi.

Hatua za kufuata

Kwanza, lalamika kwa maandishi. Tuma ujumbe au barua pepe kwa kampuni ukitaja nambari ya risiti, tarehe iliyoahidiwa na unachodai, na uwape siku maalumu ya kujibu. Simu pekee haiachi ushahidi.

Pili, punguza hasara. Mahakama haitakulipa hasara ambayo ungeweza kuiepuka kwa hatua ya kawaida. Ukilazimika kununua au kukodi kitu kingine, tunza risiti.

Tatu, kagua mzigo kabla ya kutia sahihi. Ukiwa umeharibika, andika hivyo kwenye hati ya kupokelea na upige picha. Ukidaiwa ada ya kuhifadhi mzigo ambayo hukuambiwa mwanzoni, ipinge kwa maandishi, hasa kama kuchelewa ni kwao.

Nne, wapelekee wasimamizi malalamishi yako. Kampuni za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nayo hupokea malalamishi ya wateja ambao hawakuridhishwa na jibu la kampuni. Ikiwa umedanganywa na muuzaji, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hushughulikia malalamishi ya aina hiyo.

Tano, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016 na husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Kwa mkazi wa Njoro, mahakama hiyo ipo Nakuru.

Wengi huona aibu kudai Sh400 za ada ya usafiri. Kampuni isiyodaiwa kamwe haina sababu ya kuongeza magari wala wafanyakazi Desemba ijayo. Basi dai chako, kwa heshima na kwa maandishi, na ukituma mzigo msimu huu usiondoke dirishani kabla tarehe ya kufika haijaandikwa kwenye risiti.