Boa 12 na geji 12

Mdogo wangu wa Segerea! Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepata ukarani wa ghala la silaha kwenye kampuni ya ulinzi. Daftari la zamani linasema shotigani ni "12 bore", maboksi ya risasi yaliyoletwa juzi yanasema "12 gauge", nawe siku ya tatu sasa hujamuuliza mtu, unaogopa wataona hujui kazi.

Ni kitu kilekile. Mwingereza husema boa, Mmarekani husema geji. Mwingereza alitutawala hadi 1961, kwa hiyo usishangae kukuta boa kwenye makaratasi ya zamani.

Hiyo 12 si milimita wala inchi. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, kama gramu 454. Igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu ulifanye gololi. Gololi hiyo ndiyo inayoenea kwenye tundu la mtutu, karibu milimita 18.5. Ukigawa mara 20, gololi inakuwa ndogo na tundu linashuka hadi 15.6 hivi. Namba ikipanda, tundu linapungua.

Hilo nililijua kwa uchungu, kwenye mabati. Nilipokuwa nauza vifaa vya ujenzi nilidhani geji 30 ni nene kuliko geji 28. Nikamuuzia mama mmoja bati jepesi, nikamwapia kwamba ndilo zito. Bado namkumbuka. Ningeuliza siku ya kwanza, paa lake lingekuwa jingine.

Isiyofuata hesabu hii ni 410. Hiyo ni inchi, 0.410, na pande zote mbili huiita hivyo. Usiiandike geji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa kuna uhai wa mtu. Risasi ya 20 ikitiwa kwenye shotigani ya 12, huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mlinzi akichungulia nyuma anaona pako wazi, anatia ya 12, anafyatua, na mtutu unampasukia mikononi. Ndiyo maana viwanda vingi huzipa risasi za 20 ganda la njano. Ukiliona la njano kati ya za 12, lisitoke ghalani na mlinzi yeyote. Mwite msimamizi papo hapo.

Namba nyingine kwenye boksi ni ya marisau, yaani vigololi vilivyo ndani ya risasi, na hapo ndipo wakubwa hawa wawili wanapotofautiana kweli. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, namba 6 ya Marekani ni karibu 2.8, sawa na namba 5 ya Uingereza. Andika milimita pembeni, na boksi limetoka wapi.

Kesho wahi kabla zamu hazijabadilishana. Mwambie msimamizi, "Shikamoo, naomba tulipitie daftari hili pamoja." Nenda na daftari mkononi, na boksi moja la risasi.