Kabla Hujanunua Mashua Kuukuu

Wengi wenu mnajua kwamba sisi wanne, wote watu wa pwani, tulichanga hela tununue mashua ya tanga hapa Southampton. Ilikuwa Westerly Centaur ya fibaglasi, futi 26, mwenyewe akitaka pauni 2,000. Katika mchango wangu mlikuwa na kodi yangu ya chumba ya miezi miwili, kwa hiyo sikwenda kuitazama kwa mchezo. Somo la leo ni yale niliyoyapata pale.

Centaur zilichorwa na ofisi ya Laurent Giles, zikajengwa hapa Uingereza kati ya 1969 na 1980, zaidi ya 2,000. Hata ile changa kuliko zote imepita miaka 40. Zina mikuku miwili ya chuma, basi maji yakipwa mashua inakaa wima juu ya tope bila kuegemea kitu. Ndiyo maana watu wenye hela kidogo wanazipenda.

Baba yangu ni fundi wa madau kule Nungwi. Nilipompigia simu alicheka sana: "Mwanangu, haina mbao, sasa utakagua nini?" Kumbe kipo cha kukagua. Dau likikaa nchi kavu mbao zinasinyaa, ukilirudisha majini zinavimba na kujiziba. Fibaglasi haina mambo hayo. Haiozi, lakini ikikaa majini miaka mingi inanyonya maji polepole, yanachanganyika na kemikali zilizomo kwenye resini, mwisho yanatokea malengelenge. Ukitoboa moja linatoa maji yenye harufu kali kama siki. Machache yasikutishe. Yakijaa chini kote kama tetekuwanga, jua matengenezo yake yanaweza kupita bei ya mashua. Na kipima unyevu usikiamini siku ileile mashua inapotolewa majini, lazima kitasoma juu.

Halafu sitaha. Mashua nyingi za zama zile zina mbao nyepesi katikati ya matabaka mawili ya fibaglasi. Maji yanapenya kwenye matundu ya skrubu, mbao inaoza ndani na wewe unaona rangi nzuri tu. Tembea juu yake, usikie kama inanesa. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima panalia kwa sauti kali na kavu, palipooza sauti inakufa. Nilipomweleza baba hili akaniambia, "Aa, hiyo kazi naijua."

Ugonjwa wenyewe wa Centaur uko kwenye mikuku. Imetanuka kwa nje, basi kila mashua inapotua juu ya tope au kokoto, mikuku inasukumwa kando na maungio yanakunjwa kidogo. Fanya hivyo kila maji yakipwa, miaka 40! Nyingi zimeshaimarishwa kwa mbavu za fibaglasi ndani, nyingine hazijaguswa. Kwa hiyo omba mashua ining'inizwe kwenye kreni, utazame kama kuna mwanya kati ya mkuku na mwili. Kisha mmoja asukume ncha ya chini ya mkuku, mwingine awe ndani kwenye ngama na tochi. Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Dada yetu wa Tanga alisukuma, si kwa nguvu, nikaona ufa mwembamba kando ya boliti ukifunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Nilinyamaza kwanza. Mwenyewe alisema imekuwa hivyo siku zote.

Mengine ni ya haraka. Valvu za maji zikwaruze kwa kisu: shaba ikitoa rangi ya waridi, zinki imekwisha na itavunjika kama biskuti. Nyaya za mlingoti zikipita miaka 10, kampuni za bima mara nyingi zinataka zibadilishwe. Injini ishike kwa mkono kabla haijawashwa; ukiikuta ya moto, mwenyewe amekutangulia, maana dizeli mgonjwa hujificha ikishapata joto. Matanga na magodoro yasikupotezee muda, hivyo vinanunulika.

Na msisahau ada ya kuegesha. Kwenye marina za huku kusini, ya mwaka mmoja inaweza kupita pauni 2,000 hizo tulizokuwa tunabishania.

Tulimwambia mwenyewe kwamba kwa mikuku ile hatuwezi kumpa zaidi ya 500, akakataa. Mwenzetu wa Lamu bado amenuna, anasema huo ufa ungezibika kwa wikiendi mbili. Jumamosi tunakwenda kutazama nyingine, na safari hii yeye ndiye atakayeingia kwenye ngama na tochi.